Mahindi yamedumaa, niongeze urea?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nina ekari mbili huku Magu, udongo wa luseni, shamba linateremka kuelekea ziwani. Mahindi yanadumaa na kuwa ya njano, na kuna kijimea kinaota katikati kina maua ya zambarau. Muuza pembejeo kanishauri niongeze mfuko mmoja wa urea kila ekari. Wavuvi nao wanalalamika eti mbolea zetu zinachafua ziwa. Nifanyeje?

JIBU: Kaka usinunue kwanza. Hayo maua umeyataja kama kitu cha pembeni kumbe ndo kesi yenyewe, hicho ni kiduha, kinajishika kwenye mizizi ya mahindi chini kwa chini kinanyonya, na ukikiona juu ujue kashakula siku nyingi. Mbegu zake ni vumbi tupu, mche mmoja unadondosha maelfu na zinakaa ardhini miaka na miaka zinasubiri mahindi. Kwa hiyo ng'oa kabla hazijakomaa, halafu msimu ujao pumzisha mahindi, weka kunde, karanga au hata pamba, maana mizizi ya hayo mazao inaamsha mbegu za kiduha zinaota zinakosa pa kunyonya zinakufa.

Sijasema mbolea ni mbaya, luseni ni mchanga na rutuba yake ndogo, kiduha kinapenda hapo hapo. Ila mchanga haushiki kitu, ukimwaga mfuko wa kilo 50 kwa mkupuo mvua ikija hela yako inateremka ziwani na gugumaji linashiba bure, wavuvi wana haki ya kulalamika. Weka kidogo kidogo: samadi kwenye shimo wakati wa kupanda, urea mahindi yakifika magotini, kifuniko kimoja cha soda kwa shimo, udongo ukiwa na unyevu, na ufukie. Ukiiacha juu na lile jua la Magu sehemu yake inapaa hewani.

Na acha mistari michache bila mbolea kabisa. Watu wanaona kama uvivu lakini huko kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, wanalima ngano shamba moja tangu 1843 na kuna kipande mpaka leo hakiwekwi mbolea, ndo wanajua mbolea inaongeza kiasi gani. Wewe pima magunia ya penye mbolea na pasipo mbolea, yaliyozidi piga bei yake, toa bei ya urea na vibarua, kinachobaki ndo faida, sio wingi wa magunia. Gunia la mwisho mara nyingi gharama yake inazidi bei yake, hilo muuza duka hakwambii.

Udongo wenyewe chota sehemu kama kumi na tano kwa zigizaga, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, anika kivulini, peleka kama kilo moja TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo) Ukiriguru pale Misungwi uwaombe waupime.

Na kile kipande cha chini karibu na maji usiguse, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, acha nyasi ziote.