Maswali ya wasomaji: Nani apewe X-Men aianze upya?

Wiki hii nimeacha barua zingine zote zingoje. Za X-Men, ile katuni ya Marvel ya mutanti, watu waliozaliwa na nguvu za ajabu, zimekuwa nyingi na watu wameandika na moto, kwa hivyo tuingie moja kwa moja.

SWALI: Sasa mhariri. Sisi ni maboys wa Section 58 hapa Nakuru, Jumapili tunakutana kwa kinyozi na vita imekuwa moja tu, X-Men ikianzishwa tena kutoka namba moja apewe mwandishi gani. Mmoja anasema Jonathan Hickman arudishwe amalize kazi yake, mwingine ni Grant Morrison hataki kusikia mtu mwingine, na kuna mzee wetu alisoma hivi vitabu akiwa shule, yeye anasema bila Chris Claremont hakuna X-Men, kwisha maneno. Tuamulie. — Maboys wa kinyozi, Nakuru

JIBU: Maboys, nyote watatu mmetaja watu wazuri, lakini mmeuliza kama vile kitabu hiki kimewahi kufufuliwa na mtu mmoja mwenye jina kubwa na mimi sioni mahali hiyo imefanyika. Hebu turudi nyuma kidogo. Stan Lee na Jack Kirby waliianzisha 1963 na ukweli usemwe, haikushika vile Fantastic Four na Spider-Man zilishika. Kufika 1970 toleo la 66 likawa la mwisho lenye hadithi mpya, na kuanzia 67 mpaka 93 Marvel wakawa wanachapisha tu zile za zamani tena, miaka mitano mizima kitabu kinatoka, kina namba, kina bei, na ndani hakuna kitu hujasoma.

Ndio 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum wakaleta Giant-Size X-Men namba 1 na timu ya watu kutoka kila kona, Storm kutoka Kenya, Nightcrawler Mjerumani, Colossus Mrusi, Wolverine wa Canada, Thunderbird ambaye ni Mwapache, wale wenyeji asilia wa Marekani. Wein kazi ya uhariri ikamlemea, akaachia kijana wa miaka 24 hapo Marvel, jina lake Chris Claremont. Mzee wenu anisikize vizuri hapa: kama kinyozi chenu kingekuwa kinapiga kura 1975 hakuna mtu angemtaja Claremont, alikuwa hajulikani, na hicho kitabu alipewa kwa sababu hakikuwa na maana kwa mtu yeyote. Hakuna bosi alikuwa anakiangalia. Akakaa nacho mpaka 1991, miaka 16.

Na hakukaa peke yake. Alikuwa na Cockrum, halafu John Byrne akaingia toleo la 108 mwaka 1977 akaenda mpaka 143 mwaka 1981, wanapanga hadithi pamoja na wanavutana, na kule kuvutana ndio kulizaa ile ya Phoenix ya 1980. Hiyo ambayo Jean Grey, mmoja wa X-Men aliyegeuka Phoenix, anakufa toleo la 137. Mpango wao wa kwanza alikuwa anyang'anywe nguvu tu arudi nyumbani, ni Jim Shooter, mhariri mkuu, alikataa, akasema mtu ameangamiza sayari nzima na watu wake hawezi kutoka hivyo bure. Alikuwa sawa kabisa, na mimi nikisoma hiyo mpaka leo bado naumia.

Sasa nije kwa watu wenu. Claremont alisharudishwa, mwaka wa 2000, na mwaka uliofuata vitabu vikuu vikapewa wengine, yeye akahamishiwa X-Treme X-Men. Alishafanya yake na tumheshimu kwa hiyo. Morrison aliandika 2001 mpaka 2004, toleo la 114 hadi 154, na kwa toleo la pili tu Genosha, kisiwa cha mutanti, ikafutwa na mutanti milioni 16 wakafa, sijawahi kuona mtu akiingia kwa nyumba ya wengine na ujasiri kama huo. Shida ilikuwa kwa picha. Frank Quitely anachora polepole, hawezi kila mwezi, kwa hivyo wachoraji wakawa wanabadilishwa badilishwa na kuna mahali sura za watu huzitambui. Halafu alipoondoka tu wakaanza kufuta kazi yake, Magneto, yule adui mkubwa wa X-Men, aliyekufa kwa Morrison akatokea mzima kwa Excalibur ya 2004, na aliyeandika hiyo Excalibur ni nani? Claremont. Muulizeni mzee wenu.

Hickman ndiye ananipa shida zaidi kukataa. House of X na Powers of X za 2019, matoleo sita na sita, moja kila wiki, wachoraji Pepe Larraz upande mmoja na R.B. Silva upande wa pili, na kile kisiwa cha Krakoa ambapo mutanti wana nchi yao na wafu wao wanarudishwa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi nasubiri kitabu nikihesabu siku. Lakini waandishi wenzake walitaka kukaa Krakoa zaidi ya vile yeye alipanga, akawaachia, akafunga yake na Inferno, na Krakoa yenyewe ikaisha 2024. Mnasema arudi amalize, amalize nini sasa? Nyumba ilishabomolewa. Na kuna kitu kingine, kwake wazo ni kubwa kuliko mtu, unaelewa sheria za kisiwa zote na chati zake lakini hujui Nightcrawler amelala vipi usiku.

Kura yangu ni Murewa Ayodele na Dotun Akande. Wanaijeria wawili, mwandishi na mchoraji, walifanya I Am Iron Man pamoja 2023, na Ayodele akapewa Storm yake mwenyewe 2024 akiwa na Lucas Werneck. Wanakuja wawili, bado wana njaa, na hawana jina kubwa la kulinda. Wapewe miaka mitatu na wasiingizwe kwa zile hadithi kubwa za kuunganisha vitabu kumi, maana hizo ndizo zinaua kila timu mpya kabla haijapata miguu. Najua mtanipigia kelele. Pigeni.

SWALI: Mbona tunazunguka? X-Men ya 1991 ya Jim Lee iliuza zaidi ya milioni nane, hakuna kitabu cha katuni kimewahi kufika hapo. Mrudishe Jim Lee, tumalize. — Dada wa Kondele, Kisumu

JIBU: Dada, hiyo namba ni ya kweli lakini angalia ni ya nini. Ni nakala zilizouzwa kwa maduka, na toleo lilitoka na gamba tano tofauti kwa hivyo mtu mmoja ananunua zote tano, wengine wananunua sanduku zima wakidhani watoto wao watasomeshwa na hiyo kitu. Siku hizi hilo toleo si adimu hata kidogo na ni kwa sababu hiyo hiyo. Claremont aliandika matatu ya kwanza tu akaondoka, Jim Lee naye 1992 akaenda na wenzake kuanzisha kampuni yao, Image, na Desemba 1996 Marvel ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, mambo yalikuwa mengi lakini hii biashara ya kununua ili uweke kabatini ilichangia sana. Mimi namba moja sipimi nayo kitu. Nionyeshe namba 12, watu wangapi bado wako na mchoraji ni yule yule ama ni wa tano.

Michoro yake lakini ni mizuri, hiyo sitakunyima.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu huku Kakamega. Wanafunzi wangu wananiambia Storm ni Mkenya halafu wengine wanasema ni Mmarekani. Ni wa wapi? Na si basi mwandishi awe Mkenya? — Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu, asante kwa hili swali, ningekuwa na nafasi ningelijibu ukurasa mzima. Wote wako sawa. Ororo Munroe mama yake ni N'Dare, Mkenya wa ukoo wa kifalme, baba ni Mmarekani mpiga picha. Kazaliwa New York, wakahamia Cairo, nyumba ikaangukiwa na ndege ya kivita wazazi wakafa, yeye akafukiwa chini ya kifusi na ndio maana mpaka leo hawezi chumba kidogo. Akakua mwizi wa mifukoni huko Cairo, halafu akatembea kusini mpaka akafika huku, na 1975 Profesa Xavier, mwenye X-Men, anamkuta Kenya watu wanamwabudu kama mungu wa mvua. Wale waandishi wanataja Serengeti kama iko kwetu, na wanafunzi wako wa darasa la nne wanajua Serengeti ni Tanzania na upande wetu ni Maasai Mara.

Na hapo ndipo nafika kwa swali lako la pili, maana kosa la ramani ni dogo, kubwa ni ile picha ya wanakijiji wamepiga magoti mbele ya binti anayeelea hewani. Wewe uko Kakamega, shuka hapo Vihiga, Bunyore, ukoo wa Nganyi wako na wamejulikana kwa mambo ya mvua vizazi na vizazi. Hakuna mtu anawapigia magoti. Ni watu wanaosoma miti ikichanua, wadudu, ndege, upepo umetoka wapi, na wataalamu wa hali ya hewa wa serikali wamekaa nao chini wakalinganisha utabiri wao na wa mashine. Sasa fikiria Storm aliyelelewa karibu na watu kama hao. Angejua mvua ukiipeleka shamba hili umeinyima lile. Angejua mvua ikikawia watu wanakuja kukulaumu wewe, na kwamba nguvu hiyo ni ya familia, ina wazee, ina masharti, si ya mtu mmoja kujionyesha nayo. Mimi hiyo hadithi nimeingoja tangu nianze kusoma na hakuna aliyeniandikia, kwa miaka hamsini!

Kwa hivyo mwandishi awe Mkenya? Simtaki kwa ajili ya kitambulisho. Namtaka yule ambaye akiandika mvua anajua maana yake kwa mtu mwenye mahindi shambani, na ndiyo, uwezekano wa kumpata huku ni mkubwa. Watu wa kazi wapo. Frank Odoi alizaliwa Ghana lakini katuni yake ya Akokhan aliichorea hapa Nairobi, uchawi na vita na kila kitu. Shujaaz ilianza 2010, ikawa inatoka bure ndani ya gazeti, na mhusika wake Boyie na redio yake ya chumbani, na vijana ambao hawangewahi kushika katuni ya Marvel waliisoma hiyo mpaka ikararuka.

Jambo la mwisho mwalimu, yeyote atakayepewa, Storm awe kiongozi. Alishaongoza timu tangu 1980, na toleo la 201 la 1986 alipigania uongozi na Cyclops, kiongozi wa zamani, Storm akiwa hana nguvu zake hata tone na akamshinda. Kila wakianza upya wanamrudisha nyuma anasimama tu anapepea nywele, na inaniudhi.

SWALI: Kijana wangu wa miaka 12 ameshikwa na hii X-Men kwa sababu ya katuni za TV, anataka kusoma vitabu. Aanzie wapi na itanigharimu? — Mama wa mmoja, Bungoma

JIBU: Mama, aanze na Giant-Size ya 1975 halafu toleo la 94 akienda mbele, Claremont na Cockrum, mpaka afike Byrne. Maneno ni mengi kwa kila picha, asiogope, atazoea na Kiingereza chake kitapanda. Njia rahisi ni Marvel Unlimited kwa simu, unalipa kwa mwezi na kadi yoyote ya Visa, hata ile ya M-Pesa, matoleo mapya yanaingia kama miezi mitatu baada ya kutoka madukani lakini ya zamani yamejaa. Za Morrison zingoje akue. Na wewe pia soma naye ile ya Jean Grey, usimwache aifikie peke yake.

SWALI: Mnataja waandishi tu kila siku. Mimi nachora, niko Nakuru, hii mambo ya nani aanzishe upya X-Men inatuhusu aje sisi? — Mchoraji, London estate

JIBU: Inawahusu kuliko waandishi, na una haki kulalamika. Storm alitoka kwa daftari la Cockrum, aliunganisha michoro kadhaa aliyokuwa nayo, mmoja wa mtu wa hali ya hewa, akapata huyu mwanamke wa nywele nyeupe. Nightcrawler naye Cockrum alikuwa amemchora kwa ajili ya Legion of Super-Heroes ya DC, wapinzani wa Marvel, hawakumchukua, akambeba akaja naye. Yaani kabla Claremont hajaandika neno moja hao watu walikuwa tayari na sura, na unaweza kuwatofautisha ukiona kivuli tu.

Timu ndio mtihani mgumu zaidi wa kuchora. Watu saba kwa chumba kimoja, kila mmoja na mwili wake, anakaa kivyake, anakasirika kivyake, kurasa ishirini kila mwezi na mwezi ujao ishirini zingine. Kwa hivyo ukitaka kutuma kazi kwa mhariri yeyote usitume Wolverine ametoa kucha amesimama kwa mvua, hizo wanapata mia. Tuma kurasa tatu zinazofuatana, watu wanne jikoni wanabishana, hakuna anayerusha ngumi, na mtu asome nani amekosana na nani bila kuona maneno.