Usilipe amfora kabla hujaisugua

Mkuu, simama hapo hapo. Unasema kesho unarudi Plaka, ule mtaa wa kale wa Athens, kumalizia hela ya amfora (mtungi wa Kigiriki wenye mikono miwili) ya euro 150 uliyotengewa, "kazi ya mkono, imechomwa kama enzi za Wagiriki wa kale", halafu unatuuliza uchukue yenye michoro myeusi au myekundu, uipakie vipi, na ushuru itakuwaje. Hayo baadaye. Umeisugua?

Mimi sikusugua. Nililipa 220. Dukani nilipelekwa na kaka mmoja wa Piraeus, bandari ya Athens, Mswahili mwenzetu kabisa, akaniapia kwamba fundi ni baba yake mwenye duka. Kumbe analipwa kwa kila kichwa anachoingiza, na changu alikifikisha kikiwa kimeshanyolewa. Nikapewa na karatasi yenye mhuri: kazi ya mkono. Si uongo sana, maana kuna mkono uliogonga ule mhuri.

Ilikuwa nakala ya ile amfora ya Exekias, fundi wa Athens ya kale, iliyopo makumbusho ya Vatican: Achilles na Ajax, mashujaa wa vita vya Troya, na mikuki yao wakicheza dadu, mmoja anatamka nne, mwenzake tatu. Nikampelekea mama mkwe Tanga. Akafurahi, akatia maji na maua. Asubuhi meza imelowa, akaifuta kwa kitambaa, kitambaa kikawa cheusi. Ajax alikuwa ameshazidiwa mchezo, sasa na uso ukaenda. Mama akanipigia: "Mwanangu, chungu chako kinatoa masizi." Mpaka leo mashemeji wananiita Masizi.

Hasira ndiyo iliyonifundisha. Weusi wa vyombo vya Athens ya kale si rangi ya kopo. Ni udongo wenye chuma uliochujwa mpaka ukawa kama uji mwepesi, ukapakwa kabla ya kuchoma. Tanuru linapewa hewa kwanza, kila kitu kinakuwa chekundu. Kisha matundu yanazibwa, kuni mbichi zinaongezwa, chombo kizima kinageuka cheusi na ule uji unashikana karibu kama kioo. Hewa ikirudishwa, udongo mtupu unarudia wekundu wake; penye uji hewa haipenyi tena, panabaki peusi. Maji na kitambaa vitaufanya nini weusi huo? Yangu ilikuwa imemiminwa kwenye kalibu, ikachomwa mara moja, ikapakwa akriliki, hiyo rangi ya kopo, ilipopoa. Euro 220!

Kwa hiyo nenda na asetoni ya kufutia rangi ya kucha. Omba ruhusa, lowesha pamba, sugua chini ya mkono wa amfora pasipoonekana. Pamba ikitoka na weusi, toka na wewe. Muuzaji akikataa, toka vilevile, hata kama ameshakuletea kahawa (mimi nilikunywa mbili). Mafundi wanaochoma kwa njia ile ya zamani wapo, na hawanuni ukiwasugulia. Ukiwa hapo pitisha vidole ndani ya shingo: gurudumu la mfinyanzi huacha michirizi, ya kalibu ni laini kama kikombe cha hoteli.

Na usimsikilize mtu anayekwambia "ngoja nikupeleke kwa rafiki yangu". Hasa akikuita ndugu.

Kuhusu kupakia, yangu nilizungushia mataulo mawili, ikafika Tanga bila ufa hata mmoja. Ulikuwa umeuliza nini tena?