Maswali na majibu: regyuleta yako na shoti

Fundi, nimetengeneza regyuleta (saketi ya kushikilia volti zisibadilike) ya volti 12 kwa zena (diodi inayoshikilia volti) na transista ya TIP31. Nyaya za kutokea ziligusana (shoti), transista ikafa, lakini fyuzi ya ampea 1 ikabaki nzima. Imekuwaje?

Fyuzi ya ampea 1 haikatiki pale pale ampea 1 inapopita. Ampea moja na nusu fyuzi inaweza kuzivumilia kwa muda mrefu, na muda huo transista haina. Usiitoe lakini, maana inaikinga transfoma.

Basi niikingeje transista yenyewe?

Kwa rezista moja ndogo na BC547 moja, ambayo ni transista ndogo. Miguu mitatu ya transista ni beizi, kolekta na imita. Rezista ikae kati ya imita ya TIP31 na waya wa kutokea. Beizi ya BC547 iunge kwenye imita ya TIP31, imita yake upande wa pili wa rezista, na kolekta yake kwenye beizi ya TIP31. Volti kati ya ncha mbili za rezista zikikaribia 0.65, BC547 inafunguka na kuinyang'anya TIP31 mkondo wa beizi.

Kupata omu, gawanya 0.65 kwa ampea unazotaka. Rezista ya omu 0.68 inakupa kikomo cha kama ampea 0.95. Iwe ya wati 2. Ya robo wati itageuka nyeusi mbele ya macho yako.

Nimefanya hivyo na mita inaonyesha kikomo kinashika. Mbona shoti ikikaa dakika chache TIP31 inaungua tena?

Hapa ndipo wengi tunapoumia, naomba usome polepole. Umezuia mkondo, hujazuia joto. Tuseme zinaingia volti 18. Kazi ikiwa ya kawaida, TIP31 inabeba tofauti tu, volti 6, na kwa ampea 0.95 hizo ni karibu wati 6. Kukiwa na shoti, upande wa kutokea hauna volti, kwa hiyo zote 18 zinaiangukia yenyewe: wati 17. Bati la kupozea ulilolipimia wati 6 halitoshi hata kidogo.

Weka bati la wati 17, au shusha kikomo. Kwa omu 1.5 unapata kama ampea 0.43, na shoti haifiki wati 8. Kama mzigo wako hauhitaji zaidi, mimi ningechukua njia hii bila kusita. Unapojaribu, tanguliza taa ya gari ya wati 21 kwenye waya chanya wa kuingilia. Ukiwa umekosea mguu wa BC547, taa itawaka badala ya transista kuungua.

BC547 niifunge kwenye bati hilo hilo?

Iweke mbali. Kila nyuzi moja ya joto inapunguza kama milivolti 2 za kuifungua, hivyo ikipanda nyuzi 30 kikomo kinashuka karibu asilimia 10.

Nikitumia 7812, ile regyuleta ya volti 12 iliyotengenezwa tayari, nahitaji haya yote?

Hapana. Ina kikomo cha mkondo ndani yake, na joto likizidi inajizima. Bati iwekee tu.