Kuswali melini kuelekea Antaktika

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Naandika kutoka Kampala. Desemba, inshallah, nitapanda meli ya watalii Ushuaia, Argentina, kwenda rasi ya Antaktika. Naambiwa bahari ya Drake huchafuka siku mbili mtu asiweze kusimama, na huko usiku hauingii giza. Nitaswali vipi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Safari ni halali. Ila kama Hija imekuwajibikia na hujaenda, nakusihi ulitazame hilo kabla ya kulipa maelfu hayo ya dola.

Mtume (s.a.w.) alimwambia Imran bin Huswayn aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Wanazuoni wa Kishafii wameitaja meli hasa: anayechelea kizunguzungu au kuanguka majini huswali kwa kukaa, wala harudii. Basi usishindane na wimbi. Kaa sakafuni, mgongo karibu na kitanda, au ghorofa za chini katikati ya meli ambako mtikisiko ni mdogo. Rukuu inama, sijda weka paji chini; aliyekaa sakafuni aghalabu huiweza. Bahari ikitulia, simama.

Meli kwa kawaida hung'oa nanga jioni na kupita mlango wa Beagle, penye maji tulivu, kabla ya bahari kuu. Jua la Desemba huko huzama karibu saa nne usiku. Swali Magharibi na Isha hapo hapo, kwa kukusanya na kufupisha Isha, kabla hujaanza kuyumba.

Kampala tunaelekea kaskazini tukiegemea mashariki kidogo. Kuanzia Ushuaia hadi rasini, kibla ni karibu mashariki kamili: meli ikienda kusini, kushoto kwako, ikirudi kaskazini, kulia. Dira ya simu hupotoshwa na chuma, kwa hiyo waulize mabaharia wa zamu meli inaelekea wapi. Ikigeuka ukiwa ndani ya swala, geuka nawe uendelee.

Rasini jua huzama saa chache tu na wekundu haukatiki hadi lichomoze, kwa hiyo alama za Isha na Alfajiri hazionekani. Hapo tunakadiria, kama Mtume alivyoamrisha kuhusu siku ndefu za Dajjali. Chukua mji wa Comodoro Rivadavia, Argentina, karibu na latitudo 46 kusini, ambako alama hizo bado huonekana: Desemba, Alfajiri yake huingia takriban theluthi ya mwisho ya usiku inapoanza. Usiku wako ukiwa wa saa tatu, Alfajiri ni saa moja kabla ya jua. Isha ikusanye na Magharibi jua likizama tu. Mkivuka duara la Antaktika na jua lisizame kabisa, fuata saa za mji huo kwa swala zote tano.

Maji ya moto yamo bombani, hivyo baridi ya nje si udhuru wa kutayamamu. Kutapika hakuvunji udhu katika madhehebu yetu, lakini matapishi ni najisi: osha kinywa na nguo. Vidonge vya kichefuchefu huleta usingizi, tega kengele ya simu. Kibandiko cha dawa nyuma ya sikio hakidhuru udhu. Kwenye josho la janaba kibandue, maji yafike ngozini.

Wallahu a'lam.