Mtoto anayependa treni: mpeleke akaione kwanza, kupanda baadaye

Mleta mada, umeuliza umpeleke wapi mtoto wa miaka mitano ambaye kila kitu kwake ni treni. Uko Dar, unataka Jumamosi hii, na mfuko wenyewe haujanona. Naona wadau wengi wamekujibu kwa neno moja tu: SGR, ile reli mpya ya treni za umeme. Siwapingi. Ila mimi nilianza na hiyo hiyo SGR nikatupa hela, kwa hiyo ngoja nikusimulie usije ukarudia.

Wangu ana miaka saba sasa. Nyumbani tunamwita Kichwa. Mjomba wake ndiye aliyempa jina hilo, maana alipokuwa na miaka mitatu ukimuuliza akikua atakuwa nani, hasemi dereva wa treni. Anasema "kichwa". Yaani yeye mwenyewe ndiye awe kile kichwa kinachovuta mabehewa. Jina likaganda, hata mwalimu wake analijua.

Basi 2024, treni ilipoanza kwenda Dodoma ule mwezi wa saba, nikajikakamua. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 31,000 kwa mtu mzima, watoto wa miaka minne hadi 12 nusu yake, chini ya hapo bure. Mimi, mama watoto, dada yake aliyekuwa na miaka tisa, na Kichwa: 93,000 kwenda tu. Nikakata ya jioni ili tusipoteze siku. Hapo ndipo nilipokosea. Tulipofika maeneo ya Soga giza limeshaingia. Kioo cha dirisha kikawa kama kioo cha kunyolea. Mtoto amebandika paji la uso pale, anachokiona ni sura yake mwenyewe na taa za ndani. Kurudi tukachukua ya alfajiri, kwa hiyo akalala tangu Dodoma mpaka karibu na Morogoro. Yale mahandaki manne ya upande wa Kilosa, ambayo ndiyo niliyomuahidi wiki nzima, yote yalimpita amenilalia begani, mate yanamtoka.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza kipi kilikuwa kizuri zaidi. Akasema, "Pale tulipokuwa tumesimama, halafu ile nyingine ikaja."

Dakika mbili zile za jukwaani. Nilikuwa hata sikumbuki kwamba kuna treni nyingine iliingia. Nikakaa kulitafakari, nikaona mtoto yuko sahihi kabisa: ukiwa ndani ya treni, treni huioni. Unaona viti na watu wanaotafuna karanga. Sisi wakubwa tunapanda treni ili tufike. Mtoto wa namna hii hana anakokwenda. Anataka lile dude lije, lipite, limtikise kifua, amalizie na kuhesabu mabehewa.

Kwa hiyo tangu hapo matembezi yetu mengi ni ya kwenda kuangalia. Sisi tunakaa Ukonga, tunashuka Gongo la Mboto, maana huko reli ya zamani na ya SGR zinakwenda kwa kufuatana, zote zinaelekea Pugu. Tunatafuta sehemu yenye kivuli, mbali na tuta, tunanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chumvi, tunakaa. Kichwa ana kidaftari chake. Anaandika vichwa vingapi, mabehewa mangapi, ya abiria au ya mizigo, makontena ya rangi gani. Rekodi yake ni mabehewa 27, na mpaka leo anabisha kwamba yalikuwa 28, mimi ndiye niliyempotezea hesabu kwa kumuuliza kama anataka maji.

Treni ya mizigo ya dizeli ndiyo anayoipenda kuliko zote. Inaanza kusikika mbali, watu wanaanza kusogea wenyewe bila kuambiwa, kuku nao wanasogea. Halafu ardhi inaanza kuguna. Kichwa hunyoosha mkono juu na kuushusha mara mbili, kama anavuta kamba, na madereva wengi wakiona mtoto anafanya hivyo wanapiga honi. Siku ya kwanza alipojibiwa alinigeukia hana neno. Mdomo wazi, muhogo umo ndani.

Hapa niseme jambo moja kwa msisitizo. Kuangalia treni si kutembea kwenye reli. Mwanao mzoeshe mapema kwamba kuna mstari, na mstari huo hauvukwi hata mpira ukidondokea ng'ambo. Na ya umeme ni ya kuogopa zaidi, kwa sababu haina ule mngurumo wa dizeli: ukija kuisikia imeshafika. Ile imezungushiwa uzio na juu kuna waya wenye umeme mkubwa, kaa nje ya uzio, mambo yataonekana tu. Mjini pia unaweza kuiona ikiwa juu ya lile daraja refu linalotoka Stesheni kuelekea Ilala, wewe uko chini barabarani salama.

Sasa kuna mchezo mmoja ambao kwangu ulizaa matunda kuliko safari yoyote, na gharama yake ni chaki. Dar ni mji wenye reli za aina tatu ambazo haziingiliani. Ya zamani, aliyoianza Mjerumani 1905, upana wake kati ya chuma na chuma ni milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa na Wachina kuanzia 1970 hadi 1975, ni 1,067, kwa sababu ilibidi ilingane na reli za Zambia na kusini huko. SGR ni 1,435. Nikachukua futi kamba ya fundi, nikachora zote tatu uani kwa chaki, kwa vipimo vyake halisi. Kichwa akalala katikati ya kila moja kupima. Dada yake, ambaye treni hazimsisimui hata kidogo, akaja naye.

Kilichowashangaza si ile SGR kubwa. Ni hizi mbili ndogo. Tofauti yake ni milimita 67, kama vidole vinne vya mtoto ukivilaza. Nikawaeleza kwamba kwa sababu ya vidole hivyo vinne, pale Kidatu reli mbili zinapokutana, mzigo unashushwa kwenye behewa la huku na kupakiwa kwenye behewa la kule. Dada mtu akauliza, "Sasa kwa nini wasingepima kwanza?" Nikamwambia waliopima walikuwa watu tofauti, miaka tofauti, kila mmoja akiangalia jirani yake mwenyewe. Michoro ile ilikaa uani mpaka mvua za vuli, na wageni wote walilazimishwa kusimama juu yake na kuambiwa hii ni ipi.

Ukiona ameshiba kuangalia, ndipo umpandishe. Usianze na Dodoma. Anza na treni ya mjini, ile ambayo tangu ianze 2012 watu tunaiita ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Nauli yake ni kama ya daladala. Ujanja ni kwenda kinyume na watu: asubuhi umati unatoka Pugu kuja mjini, wewe panda Stesheni uelekee Pugu, utapata siti na dirisha. Ukienda na umati, mwanao atasafiri akiangalia mikanda ya watu. Uliza siku na saa zake kabla hujatoka nyumbani, hii si treni ya Jumapili. Mabehewa yenyewe ni ya kizamani, yanagonga na kuyumba, na watoto wanayapenda kwa sababu hiyo hiyo.

Baada ya hapo, Morogoro. Hiyo ndiyo safari ninayokushauri kama una hela kidogo: nauli ya kawaida ilikuwa 13,000, mtoto 6,500, mnakwenda na kurudi siku moja na jua linawaka. Kata ya asubuhi. Kitambulisho usisahau, mizigo inapita kwenye mashine, na fika mapema sana, si kwa sababu ya foleni tu. Ni kwa sababu ya zile dakika za jukwaani ambazo mtoto kazifuata. Ukifika unakimbia, umemnyang'anya nusu ya safari.

Sisi siku hiyo tulipata ile treni yenye pua ndefu, Mchongoko, iliyoanza Novemba 2024. Nikajua leo nimemaliza kazi. Mtoto akatembea nayo kwa macho kuanzia mwanzo hadi mwisho, akarudi mwanzo. "Baba, kichwa chake kiko wapi?" Nikamwambia haina, mota zake ziko chini ya mabehewa yenyewe. Wacha akasirike! Kwake hiyo ilikuwa sawa na kumwambia mtu fulani hana jina. Alinuna mpaka tulipoondoka. Kwa hiyo kama mwanao ni wa madhehebu ya kichwa, jua kwamba zile treni za kawaida, zenye kichwa mbele na mabehewa nyuma, ndizo zake, na bahati nzuri nauli yake ni nafuu.

Njiani dada yake nilimpa kazi ya ukarani: kuandika stesheni. Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro. Kichwa alishika simu yangu yenye programu ya kupima mwendo, akawa anatangaza kama kondakta. Ilipokaribia 160 kwa saa nikawaambia waanze kuhesabu: kwa mwendo huo kilomita moja inakwisha kwa sekunde 22 na nusu. Wakahesabu kwa sauti mpaka mzee wa kiti cha mbele naye akajiunga. Ukishaipita Ngerengere, kaa upande wa kushoto, milima ya Uluguru inaanza kujitokeza. Morogoro tulikula wali maharage, tukanunua ndizi, tukarudi. Hakuna kingine tulichofanya na hakuna aliyelalamika.

Ukija kuwa na uwezo zaidi, Dodoma ya mchana ni nzuri kwa sababu ya Kilosa: mahandaki, madaraja marefu, na chini yako unaona reli ya zamani inayofuata bonde la mto Mkondoa, ule mto ambao mafuriko yake yameibomoa reli hiyo mara nyingi. Mtoto anaelewa mwenyewe kwa nini hii mpya imepandishwa juu. TAZARA nayo ni dunia nyingine, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, inakatiza mbugani, na kati ya Mlimba na Makambako mahandaki yanafuatana. Ila ni safari ya siku na usiku, ratiba ulizia stesheni kwanza. Kwa miaka mitano ningesubiri.

Na kama una ndugu Nairobi, usipite bila kwenda makumbusho ya reli, karibu na stesheni yao ya zamani. Tulikwenda mwaka jana tulipomtembelea shangazi yao. Kuna kichwa cha mvuke pale kimeandikwa Mount Gelai, ndiyo, Gelai yetu ya kule Ziwa Natron. Ni moja ya 34 zilizotengenezwa Manchester miaka ya 1955 na 1956, uzito wake unazidi tani 250, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kichwa alipanda kwenye chumba cha dereva akakaa humo hadi miguu ikaniuma. Lakini aliyeondoka na hadithi ni dada yake. Kuna behewa ambalo 1900, pale stesheni ya Kima, afisa wa polisi Charles Ryall alijificha na wenzake usiku wamvizie simba aliyekuwa anakula watu. Usingizi ukamchukua, simba akaingia humo humo ndani akamtoa kupitia dirishani. Dada mtu alilizunguka behewa lile mara tatu, anapima dirisha kwa mikono. Njia nzima hadi mpakani Namanga alikuwa anauliza simba alipitaje pale.

Hilo nakuambia kwa sababu hujataja kama una watoto wengine. Kama wapo, wasiopenda treni wanahitaji chao: ukarani, simba, ndizi, chochote. Safari yetu ya Dodoma iliharibika pia kwa sababu binti alikaa saa zote zile akiwa mizigo tu ya kaka yake.

Kwa Jumamosi hii, na mfuko ulivyosema, mimi ningekwenda Gongo la Mboto asubuhi kabla jua halijakali. Beba maji, daftari na kitu cha kukalia, maana treni ya mizigo inaweza kukuweka saa nzima. Na ukipita dukani, chukua chaki mbili: ya kwanza itavunjika kabla hamjafika 1,067.