Windows haionekani kwenye menyu ya kuwashia: usikimbilie kufomati

Swali: Laptopu yangu ya HP ilikuja na Windows 11. Rafiki akaniwekea Ubuntu 22.04 (mfumo wa Linux) pembeni yake. Sasa nikiwasha, menyu inaonyesha Ubuntu tu. Fundi anasema Windows imefutika, dawa ni kufomati na kupiga Windows upya. Nyaraka zangu zote za chuo ziko kule. Nimpe?

Jibu: Usimpe. Zima mashine, iwashe huku ukigongagonga F9 mpaka itokee orodha ya vitu vya kuwashia (kwenye Dell ni F12). Ukiona humo Windows Boot Manager, ichague, bonyeza Enter. Windows ikifunguka, huyo fundi ama hajui alisemalo ama anajua bei ya kufomati.

Watu wanadhani menyu ndiyo iliyobeba mifumo yenyewe, na mafundi wa njia ya mkato wanaishi kwa dhana hiyo. Menyu hiyo ni ya GRUB, programu ya kuwashia inayokuja na Ubuntu, nayo ni faili la maandishi tu, /boot/grub/grub.cfg, ambalo Ubuntu huliandika wakati wa kusakinishwa na kuliandika upya kila kernel (kiini cha mfumo) mpya inapoingia. Jina lisipoandikwa humo halionekani, lakini Windows imekaa kwenye patisheni yake, yaani kipande chake cha diski, kama ilivyokuwa jana.

Kwa nini jina halikuandikwa? Kazi ya kuitafuta mifumo mingine ni ya programu iitwayo os-prober, na kuanzia GRUB 2.06 ya mwaka 2021 waundaji waliizima kwa sababu za usalama, maana inapekua kila patisheni ikiwa na mamlaka ya root, mtumiaji mwenye ruhusa zote. Ubuntu 22.04 inatumia toleo hilohilo. Kwa hiyo ingia Ubuntu, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), kwanza uhakikishe diski iko salama:

lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE

Unatafuta patisheni ndogo ya vfat, inayobeba mafaili ya kuwashia, mara nyingi ya megabaiti 100 hadi 260 hivi, na kubwa ya ntfs, yaani ya Windows. Mahali pa ntfs panaweza kuandikwa BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski. Usishtuke, ni Windows ileile iliyofungwa kwa ufunguo. Ila ukikuta vfat na ext4 (ya Ubuntu) peke yake, rafiki yako alichagua kufuta diski nzima wakati wa kusakinisha. Hapo zima mashine, usiandike kitu kingine chochote juu yake, mtafute mtu wa kuokoa data, ukijua kwamba kwenye SSD matumaini ni madogo.

Patisheni zikiwepo, endelea:

sudo nano /etc/default/grub

Tafuta mstari wa GRUB_DISABLE_OS_PROBER. Ukiwa na alama ya # mbele, iondoe. Usipokuwepo kabisa, uongeze mwishoni. Usomeke hivi:

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false

Usiweke nafasi kabla wala baada ya alama ya =. Faili hili husomwa kama skripti, na nafasi moja tu hapo inaharibu mstari. Ctrl+O, Enter, Ctrl+X, kisha:

sudo update-grub

Subiri mstari unaoanza na "Found Windows Boot Manager" na kuishia na bootmgfw.efi. Ukiuona, kazi imekwisha.

Usipouona, andika ls /sys/firmware/efi. Jibu likiwa hakuna folda hiyo, Ubuntu yako iliwashwa kwa mtindo wa zamani, Legacy, wakati Windows 11 iliyokuja na mashine iko kwenye UEFI, mtindo mpya wa kuwashia. GRUB ya Legacy haiwezi kuiwasha Windows ya UEFI, hata uandike amri mpaka kesho. Hutokea wakati wa kusakinisha: flashi moja hujitokeza mara mbili kwenye orodha ya kuwashia, moja ikiwa na neno UEFI mbele ya jina, na mtu akachagua ile nyingine. Dawa yake ni kuisakinisha Ubuntu upya kwa kuchagua ya UEFI. Ubuntu, si Windows.

Kuna na tatizo la upande wa pili, mashine kwenda Windows moja kwa moja baada ya sasisho. Hapo utasikia ushauri wa bootrec /fixmbr. Kwenye UEFI amri hiyo haikusaidii kitu, maana inaandika msimbo wa MBR (sehemu ya mwanzo kabisa ya diski) ambao UEFI haiutumii. Kwenye mashine ya Legacy ndiyo inayoiondoa GRUB kwenye MBR! Kinachotakiwa ni kubadili foleni tu: ingia Ubuntu kwa F9, andika efibootmgr uone namba, kisha uiweke ya Ubuntu mbele, kwa mfano sudo efibootmgr -o 0001,0000.

Mchezo mwingine hatari ni kuzima ovyo Secure Boot, ulinzi unaokagua programu za kuwashia. Agosti 2024 sasisho la Windows lilizifungia baadhi ya Linux zenye shim (kiwashio kidogo kinachotangulia GRUB) ya zamani, zikawa zinatoa "Verifying shim SBAT data failed", na kuizima Secure Boot kwa muda kulisaidia. Lakini BitLocker ikiwa imewashwa, Windows inaweza kuamka ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Huo kwa kawaida uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Unakili kwenye karatasi kabla hujagusa mpangilio wowote wa BIOS, ile skrini ya mipangilio ya mashine. Wanaofomati kwa sababu ya kukosa tarakimu hizo wanatupa nyaraka zilizokuwa nzima.

Fundi akisisitiza kwamba Windows imefutika, mwambie aiandike ile lsblk mbele yako na akuonyeshe kwa kidole ntfs ilikopotelea. Asipoijua amri hiyo, laptopu irudi mkobani.