Wasomaji Wauliza: Vipimo vya Mchana Mlimani

SWALI: Nimesoma kwamba kituo cha Mauna Loa kule Hawaii, kinachopima hewa ukaa tangu 1958, huviacha nje vipimo vya alasiri kinapokokotoa wastani. Je, huko si kuchagua namba zinazopendeza? Na Mlima Kenya je? – Msomaji, Nanyuki

JIBU: Havitupwi. Hutiwa alama na kubaki kwenye faili, na anayetaka huviona. Kinachoamuliwa ni kama hewa iliyoingia mashineni saa hiyo ni ya anga pana la Pasifiki au ni ya kisiwa chenyewe.

Jua likipanda, mteremko hupata joto kuliko hewa ya kimo hicho hicho iliyo mbali nao. Hewa inayogusa ardhi huwa nyepesi, ikapanda. Mauna Loa, kwenye mita 3,397, upepo huo kwa kawaida hufika saa tatu asubuhi au baadaye. Umetoka chini kwenye mimea iliyokwisha kufyonza hewa ukaa, hivyo namba hushuka. Lakini hazishuki papo hapo upepo unapogeuka: kituo kimezungukwa na maili kadhaa za lava tupu, na hewa inayotangulia kufika haijagusa jani. Ndiyo maana alama ya upepo wa kupanda huanzia saa tano asubuhi hadi saa moja jioni.

Usiku mteremko hupoa na hewa ya juu hushuka. Hiyo ndiyo inayotafutwa, ila nayo ina dosari yake, maana mara nyingine hubeba gesi ya volkano kutoka kileleni. Kwa hiyo vipimo vya dakika vikitawanyika ndani ya saa moja kwa mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) wa sehemu 0.30 kwa milioni au zaidi, saa hiyo hutiwa alama. Wastani wa saa ukipishana na wa saa iliyotangulia kwa zaidi ya 0.25, vivyo hivyo. Kanuni hizi hutazama saa na mtawanyiko. Haziulizi kama namba ni kubwa au ndogo.

Kituo cha Mlima Kenya kiko mita 3,678, na upepo huo huo hukifikia. Wewe wa Nanyuki unauona bila mashine: kilele cheupe alfajiri, mawingu tele kabla ya adhuhuri. Ila saa za Hawaii zisinakiliwe huku. Hapa kuna nyasi hadi kituoni, si lava, na nyasi hupumua usiku na kutoa hewa ukaa.

SWALI: Wanafunzi wetu wana kipima joto na unyevu mlimani. Watajuaje upepo wa kupanda umefika?

JIBU: Wasitazame asilimia ya unyevu. Chukulia shinikizo la hewa ni hektopaskali 650. Alfajiri ni nyuzi 1, unyevu asilimia 60. Saa saba mchana ni nyuzi 9, unyevu asilimia 60 vilevile. Ungedhani hakuna kilichobadilika. Kokotoa mvuke wenyewe: shinikizo la mvuke uliojaa, yaani hewa ikiwa na unyevu asilimia 100, kwa nyuzi 1 ni hektopaskali 6.57, kwa nyuzi 9 ni 11.47. Zidisha kila moja kwa 0.60, upate 3.94 na 6.88. Kisha 622 × mvuke ÷ (650 − mvuke): gramu 3.8 za mvuke kwa kila kilo ya hewa kavu alfajiri, na 6.7 mchana. Hewa ya bondeni imefika.

Wachore gramu hizo kila dakika kumi pamoja na mwelekeo wa upepo. Vyote viwili vikigeuka pamoja, saa ndiyo hiyo. Gramu zikipanda peke yake, huenda ni umande unaokauka karibu na kifaa.

Joto na unyevu visomwe na kifaa kimoja. Jua likikichoma, joto huzidi lakini asilimia hupungua kwa kiasi kinacholingana, na gramu hubaki karibu sahihi. Wakichukua joto kutoka kipimajoto kingine kilicho kivulini, hesabu nzima huharibika. Wakague pia saa ya kifaa: vingi hurekodi kwa UTC, saa sanifu ya dunia, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu.